Mafiga Yaliyorudi Ziwa Jipe

Juzi mjukuu wangu alinipeleka Ziwa Jipe. Maji yalikuwa yamerudi nyuma sana, na kwenye tope lililopasuka nikayaona mafiga yetu matatu.

Baba alikuwa mpishi wa kambi ya mahema ya Wazungu pale ufukweni. Kila masika wageni waliondoka, ziwa likapanda, nasi tukahamia juu. Kiangazi maji yalishuka na vilivyozama vikarudi: mafiga, sufuria, kijiko, hata kiatu cha baba. Kwa hiyo mamba alipomchukua kaka yangu Mwakio akichota maji, masika ya mwaka mmoja, mimi sikulia sana. Nilingoja kiangazi.

Kilipofika, alasiri moja nilipeleka kikombe cha uji nikakiweka kwenye mafiga. Tope lilinuka samaki waliooza. Mama alikuwa ameinama akichokora tope kwa kijiti, na kanga yake mpya ameitandika kando, juu ya nyasi.

“Uji huo wa nani, Wakesho?” baba aliuliza.

“Wa Mwakio. Akirudi atakuwa na njaa.”

Baba aliinua mkono anichape.

“Mwache,” mama alisema, bila kuinua kichwa.

Nikamwambia, “Mama, sufuria tulishaipata.” Aliendelea kuchokora mpaka jua likashuka nyuma ya milima ya Upare.

Kanga ile nilidhani ameiweka mbali isichafuke. Leo najua ilikuwa ya kumfungia mwanawe, japo mfupa mmoja. Jioni aliikunja ikiwa tupu. Kiangazi kilichofuata akaitandika tena.