Ubao Nyuma ya Mlango

Kwa miaka ishirini na tisa katika masjala ya idara ya maji, hakuna karatasi iliyompita Mama Faili. Ulipokuja waraka kwamba matokeo ya vipimo vya kila bomba la mtaa yabandikwe wazi wananchi wayasome, ni yeye aliyeugonga muhuri.

Mkuu wa idara, bwana mwenye viatu vinavyong'aa kuliko kazi yake, alitii. Alinunua ubao mzuri, akautundika ofisini kwake, nyuma ya mlango. Kwenye ripoti akaandika: matokeo yamebandikwa. Uongo hakusema, ila Mungu anamwona!

Mwezi wa tatu, maji ya bomba la sokoni yalikutwa hayafai kunywa. Mama Faili akasaini karatasi ya matokeo kuipokea, nakala ikaenda kwenye ubao wa nyuma ya mlango, nayo akaifungia kabatini kama alivyozoea. Wiki mbili baadaye binti wa mdogo wake, ambaye kwao huchota maji bomba hilo hilo, alilazwa kwa kuhara, nusura afe. Mama Faili alikaa pembeni ya kitanda, akafunga mdomo. Aibu ile ilimtafuna vibaya sana.

Jumatatu asubuhi, mkuu akiwa kikaoni, Mama Faili aliingia ofisini kwake na bisibisi, akaung'oa ubao, akaubeba hadi getini. Mlinzi akajifanya haoni. Mama Faili alikuwa akibandika matokeo ya miezi sita mkuu alipotokea mbio.

"Mama, umechanganyikiwa? Nani kakutuma?"

"Waraka. Nikuletee usome tena?"

"Nakusimamisha kazi! Na umebakiza mwaka mmoja tu ustaafu."

"Andika barua, mwanangu. Nakala niletee, nafasi bado ipo hapa ubaoni."

Watu waliopanga foleni ya malalamiko pale getini wakaangua kicheko. Mkuu akashusha sauti, akagusa karatasi ya mwezi wa tatu.

"Na hii? Ina sahihi yako. Mdogo wako akiiona je?"

"Ndiyo maana nimeiweka katikati."

Akampigia simu mdogo wake palepale. "Njoo ofisini kwetu. Kuna kitu ukisome mwenyewe kabla hujasimuliwa."

Mdogo wake alifika na kanga begani, akasoma, kidole kikishuka mstari kwa mstari hadi kwenye sahihi.

"Dada, ulijua?"

"Nilijua. Nilinyamaza."

Mdogo mtu aligeukia foleni, akaisoma karatasi ile kwa sauti: bomba, tarehe, hayafai kunywa, na jina la aliyepokea. Mama Faili alisimama kando ya ubao wake, hakuinamisha kichwa.