Kanga Mbele ya Televisheni

Mcha Jaku aliendesha winchi bandarini Malindi karibu umri wake wote wa kazi, na hata leo, akiwa mstaafu nyumbani kwake Chukwani, kila kitu hukitazama kwa jicho la mpakua mizigo. Mkewe, Bi Mwatum, akileta gunia la mchele, Mcha hulizunguka kwanza. Siku televisheni yao mpya ilipoingia sebuleni alisimama mbele yake akasema, "Hii si televisheni, huu mlango wa kontena." Aliinunua kwa ajili ya mpira. Hakujua kwamba ipo siku atafukuzwa mbele yake.

Ilikuwa Jumamosi, wiki chache baada ya harusi ya Fathiya, binti yao wa pekee. Salhiya, jirani anayepiga video za harusi za kinamama, alileta flashi yenye picha za ukumbini. Kamera yake mpya ina sifa mtaa mzima: inaonyesha hadi gundi ya kope za bandia. Kwa sababu hiyohiyo masharti yake ni makali. Ukumbini simu zilikusanywa mlangoni, wanawake wakavua mabuibui, wakabaki na magauni yao na nywele zao, kwa kuamini kwamba picha za Salhiya haziangaliwi na mwanamme, hata awe shehe.

Basi jamaa wa kike walijaa sebuleni, na Mcha akatolewa barazani, akawa anasikiliza vigelegele vya nyumba yake mwenyewe kupitia dirishani. Walipoondoka, akabaki Salhiya na flashi yake, aliingia ndani taratibu, kama mgeni.

"Salhiya, mwanangu."

"Naam, Ami."

"Nnataka kumwona Fathiya."

"Umekaa naye nyumba moja toka azaliwe," alidakia Bi Mwatum, "leo ndiyo hujamwona?"

"Sijamwona akiwa bi harusi."

Lililokuwa likimsumbua lilikuwa kubwa kuliko gauni. Haitham, kijana wa Uroa, alipoleta posa, Mcha alimwuliza binti yake kama ameridhia. Fathiya aliangalia chini, akanyamaza. Kwa desturi yetu mwari akinyamaza amekubali, na Mcha akakibeba kimya kile hadi msikitini, ndoa ikafungwa. Fathiya alipokwisha kwenda Uroa ndipo kimya kikaanza kumwelemea. Miaka yote bandarini hakuwahi kunyanyua mzigo kabla mtu wa chini hajamwinulia mkono. Mwanawe mwenyewe amemnyanyua bila ishara. Na kwenye simu kila siku ni "Sijambo, Baba," basi.

"Ami, mie nshaahidi watu," alisema Salhiya. "Wamo wake za watu humo."

"Mimi simtaki mke wa mtu. Nnamtaka mwanangu."

Bi Mwatum alimtazama mumewe, akaona uso ule si wa mchezo. Akaingia chumbani, akarudi na doti nzima ya kanga ambayo haijakatwa, maana kipande kimoja kisingeenea televisheni ile.

"Salhiya, shika ncha hiyo. Akiwa Fathiya peke yake, tunashusha. Wakitokea wengine, tunapandisha. Na wewe, Baba Fathiya, ukichungulia nitajua."

Kazi ikaanza. Fathiya alikuwa amekaa jukwaani kwenye kiti cha bi harusi, na kila alipobaki peke yake alitokea shoga wa kumbusu.

"Pandisha!"

"Shusha!"

"Pandisha, anakuja Nusrat na mgongo wazi!"

"Upande wa kushoto umelegea," alisema Mcha kutoka kitini. "Mzigo utamwagika."

"Nyamaza wewe!"

Salhiya, mkono mmoja kwenye rimoti, mkono mmoja kwenye kanga, alichelewa mara moja tu. Kioo kizima kikajaa Bi Borafya, dada mkubwa wa Bi Mwatum, kichwa wazi, akicheza huku ameinua mikono.

"Funga macho!" alipiga kelele Bi Mwatum.

"Nshafunga."

"Mbona unacheka?"

"Nimefunga macho, sikufunga mdomo."

"Umeona nini?"

"Sikuona kitu. Ila mpe hongera dada yako. Ile nyonga iliyomzuia kuja kupepeta mchele wa harusi imepona."

Hata Bi Mwatum alicheka, kanga ikamtetemeka mkononi. Lakini Mcha alikwisha kusogeza kiti mbele. Kamera ile ilimwonyesha kila ua la hina kwenye vidole vya Fathiya, kila ushanga shingoni. Macho tu ndiyo hayakuonekana, kwani yalitazama chini mwanzo hadi mwisho.

"Anaangalia zulia tu," alisema.

"Ndivyo alivyofundwa. Bi harusi akichekacheka jukwaani watu watasema amepata alichokuwa akikitafuta."

"Na kama hakukipata?"

Kanga ilishuka kidogo bila ya mtu kuishusha.

"Ami," alisema Salhiya, "ipo sehemu bwana harusi anaingia kumpa mkono. Hapo kila mtu ameshajitanda. Haina haja ya kanga."

"Ala! Si ungesema mapema! Mikono imenifa ganzi."

Salhiya alipeleka mbele. Ukumbi ulikuwa mweusi kwa mabuibui. Haitham aliingia na joho lake, jasho linamtiririka chini ya kilemba, akaweka kiganja juu ya paji la uso la Fathiya na kuanza kuomba dua. Midomo yake ilikwenda vizuri, kisha ikasimama. Macho yakamtoka.

"Kasahau," alisema Mcha.

"Hakusahau," alisema Bi Mwatum. "Mimi nilikuwepo."

"Kasahau! Mtazame Fathiya."

Fathiya hakuinua kichwa. Midomo yake tu ndiyo iliyocheza, polepole, neno kwa neno, na ya Haitham ikaifuata. Anamsomea. Katikati ya vigelegele vile hakuna aliyesikia. Dua ilipokwisha mabega ya bi harusi yalianza kutikisika, akauma mdomo wa chini, na shavu moja likabonyea.

"Rudisha," alisema Mcha.

Salhiya alirudisha, kisha akarudisha tena. Bi Mwatum, aliyekuwa ukumbini usiku ule akihangaika na sahani za wageni, alikaa ubavuni mwa mumewe.

"Mtoto huyu anacheka," alisema. "Jukwaani!"

Mcha alikwisha kuchukua simu.

"Sijambo, Baba," ilisema sauti ya Fathiya kutoka Uroa. "Nyinyi hamjambo?"

"Hatujambo. Mwambie mumeo ile dua aidurusu. Hatakuwa na wa kumsomea kila siku."

Upande wa pili kikatoka kicheko kikubwa, cha mdomo wazi, hata Mcha akaiweka simu mbali na sikio.

"Nani kakwambia? Haitham! Haitham, njoo! Baba anajua!"

Mcha alitaka kujibu. Bi Mwatum akampokonya simu.

"Na wewe usijione mjanja," alimwambia binti yake. "Umecheka mbele za watu. Tumekuona!"