Jina Lililoamsha Diski ya Kibet

Kama ni wewe ungekuja kunisimulia kisa hiki, ningekuuliza kwanza umekunywa nini. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua maziwa nayaonja kabla sijatoka dukani. Kwa hivyo niamini nikikwambia kwamba nimejaribu miaka mingi kulikataa jambo hili, na limegoma kukataliwa. Sijatia chumvi hata kidogo.

Ilikuwa Nakuru, mapema mwaka wa 2008, vurugu za baada ya kura zilipoanza kutulia. Nilikuwa na studio ndogo ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme la mwenye nyumba wangu, Bwana Pravin. Mimi nilikuwa nikihariri video na kuchapisha picha. Ndugu yangu mdogo, Kibet, ndiye aliyezunguka na kamera kwenye harusi na mazishi.

Mambo yalipochacha, Kibet alipanda kwenda nyumbani upande wa Molo kumtoa mama yetu. Mama alifika mjini kwa lori la majirani. Kibet hakufika. Inaonekana walipishana njiani. Nikipiga simu yake, yule mwanamke wa kwenye mtambo ananiambia mteja hapatikani, hadi nikaanza kumchukia mwanamke huyo kana kwamba namjua.

Nilizunguka kambi za wakimbizi nikimuulizia, na kila kambi swali lilikuwa moja: "Uko na picha yake?" Sikuwa nayo. Albamu zote ziliungua na nyumba yetu ya Molo. Na mpiga picha, kama ujuavyo, ndiye mtu asiyepigwa picha. Lakini Kibet alikuwa na mtindo wake. Kabla ya kurekodi sherehe yoyote aligeuza kamera, akajitazama, akasema, "Testing, testing, mko tayari?" Mimi ndiye niliyekuwa nikivikata vipande hivyo na kuvitupa. Video ambazo hazijaguswa zilibaki mahali pamoja tu, kwenye diski yake ya nje, kijisanduku cheusi alichoniachia mezani siku aliyoondoka.

Mama naye alikataa kabisa kuomboleza. Tuliishi chumba kimoja kule Kiamunyi, pembeni mwa mji, na kila usiku aliacha mlango bila komeo. "Kibet akija usiku atapitia wapi?" Hebu fikiria. Majirani wanalala na panga chini ya kitanda, na sisi mlango unasukumwa hata na paka. Nilikuwa nikilala jicho moja wazi, nikimkasirikia mama, kisha nikijikasirikia mwenyewe kwa kumkasirikia.

Nikaichomeka hiyo diski. Kompyuta ikaniambia kuna kifaa isichokitambua, basi. Nilishuku tundu, nikahamia matundu ya nyuma. Nilishuku virusi, nikaipeleka kwenye kompyuta ya rafiki, ikakataliwa huko pia. Nilishuku umeme wa nyumba nzima na nikashuka kumwambia Bwana Pravin hivyo.

"Umeme yangu haina shida," alisema, akafungua droo. "Hiyo disk inakosa nguvu. Chukua hii waya, iko na vichwa mbili. Chomeka yote mbili."

Nilichomeka vichwa vyote viwili. Kitaa cha diski kiliwaka hafifu, diski ikanguruma kidogo, ikatoa mlio kama ukucha unaogonga kikombe, ikazima. Nikajaribu tena na tena. Niliweka kichwa mezani nikalia. Sina aibu kusema hivyo, kwa sababu ndugu yangu alikuwa mle ndani na mimi, niliyejisifu kuwa fundi, nilishindwa kumtoa.

Jioni moja mvua ilikuwa ikinyesha na nilikuwa nikijiandaa kufunga mapema, kama kila mtu siku hizo. Nikainua macho, nikamwona ajuza amesimama mlangoni. Sikusikia ngazi, na ngazi zile za mbao zilikuwa na kelele za kukera. Alikuwa amejifunga shuka, ananuka moshi, si moshi wa jikoni, ni ule wa mahindi yaliyoungua ghalani. Kitu cha kwanza nilichofikiria? Huyu ametumwa na wezi kuchungulia vyombo vyangu. Nikaivuta kamera karibu nami.

"Wacha nijikinge mvua kidogo, msichana wangu."

"Keti hapo, kogo," nikamjibu. Kogo ni nyanya kwa lugha ya kwetu. Ni lafudhi yake ndiyo iliyonijulisha kuwa ni wa kwetu, na hata hiyo niliishuku.

Akatoa kijipembe cha ugoro, akaitazama diski ikijitahidi na kuzima.

"Hiyo kitu inalia nini?"

"Inakataa kufunguka, kogo. Kompyuta haiijui."

"Mmeiita?"

"Kuiita vipi?"

"Si wewe ni wa kwetu? Mtoto anaingia nyumba bila kuitwa?"

Hapa nikueleze. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake hukaa naye na kumwitia majina ya jamaa waliokufa, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Wengine humsaidia kwa ugoro kidogo puani. Ni jambo la furaha, watu hucheka sana. Lakini lina sharti moja ambalo hakuna anayelisema, kwa sababu kila mtu analijua: jina la aliye hai haliitwi pale.

Nilicheka. Ajuza hakucheka. Alianza kuiitia diski majina, polepole, akiiangalia. La kwanza lilikuwa la babu yangu. La pili la shangazi aliyefariki kabla sijazaliwa, ambaye hata mama humtaja kwa nadra. Kicheko kikaniishia. Nani alimpa majina ya ukoo wangu? Nilitaka kumuuliza, naye anaendelea tu, wafu wetu wanapita mmoja mmoja, na kitaa cha diski kimezima tuli.

Akafuta pua.

"Yangu yameisha. Hii ina mwenyewe. Mwenyewe ni nani?"

Nawe ungejibu nini? Fundi yeyote akiulizwa kitu ni cha nani, atasema ni cha nani.

"Ni ya Kibet," nikasema.

Kompyuta ikalia ule mlio wake wa kupokea kitu. Kitaa kikawaka wazi. Folda zikajipanga kwenye skrini, harusi na mazishi ya miaka yote, na mimi nikapiga kelele za furaha, wallahi nilirukaruka kama mtoto! Nikafungua ya kwanza. Uso wa Kibet ukajaa skrini, pua kubwa karibu na lenzi, akitabasamu. "Testing, testing, mko tayari?"

Ndipo furaha ikanigandia kifuani. Nilikumbuka sharti.

Nikageuka. Ajuza alishafika mlangoni.

"Mwambie mama yako afunge mlango," akasema. "Baridi inaingia."

Nilipofika ngazini hapakuwa na mtu. Bwana Pravin, aliyekuwa ameketi chini kabisa ya ngazi, aliapa hakuna mwanamke aliyepanda wala kushuka. Simwamini sana, maana huwa anasinzia baada ya chai. Lakini nilimwambia diski imefunguka, akaniambia, "Si nilisema ni waya?"

Nilichapisha picha, nikazunguka nayo kambi zote tena. Hakuna aliyemjua. Ujumbe wa ajuza sikuufikisha kwa mama. Ningemwambiaje? Mlango wetu ukaendelea kulala wazi, mwaka huo na uliofuata.

Kisha nikazaa mtoto wa kiume. Sikuwa nimeolewa, kwa hivyo majina yaliyoitwa yalikuwa ya kwetu. Wanawake waliita hadi wakachoka. Waliongeza ugoro, mtoto akawatazama tu. Mimi nilijua jina lililobaki, nikauma midomo. Mama alikuwa ameketi pembeni. Akasogea, akamshika mtoto kisogo, akasema kwa sauti ndogo, "Kibet."

Mtoto akapiga chafya.

Hakuna aliyecheka. Usiku huo mama aliinuka kitandani mwenyewe, akasukuma komeo, kisha akalia kwa mara ya kwanza, na mimi nikalia naye hadi kukapambazuka.

Swali langu halijaondoka. Je, nilimtambua aliyekwisha kufa, au ni mimi niliyemfunga huko aliko kwa kumtaja? Sijui, na yule ajuza sijamwona tena. Kwa hivyo chombo chako kikikataa kufunguka, badilisha waya, badilisha tundu, kipeleke kwa fundi mwingine. Lakini akija mtu usiyemsikia ngazini, akakuuliza mwenyewe ni nani, mwambie hujui.