Majembe Yanayosikika Trekta Likizimwa

Jua la Ngulyati bado ni jekundu Januarius Masele anapozima trekta katikati ya shamba. Ngurumo ya injini inakatika. Halafu yanasikika majembe, mengi, yakipiga udongo kwa mpigo mmoja upande wa shamba ambako hakuna mtu.

Januarius hashtuki tena. Anavuta kola ya koti lake na kusikiliza.

"Mwanzoni nilidhani ni masikio yangu, kwa sababu ya injini," anasema. "Nikaenda kutazama. Udongo ulikuwa umegeuzwa, mbichi kabisa. Nyayo hakuna."

Mpigo ule anaujua. Kabla ya kufundishwa udereva alilima katika kikundi cha vijana waliozunguka mashamba ya wenzao wakiimba. Homa ilipita, ikawamaliza wote isipokuwa yeye.

Trekta lililetwa na Baraza la eneo baada ya kubadili mwenendo wake. Zamani amri za kilimo zilishuka pamoja na faini. Mwaka huu wa 1957 wakulima wamepewa viti barazani, na mashine ikanunuliwa ili pamba iongezeke. Lakini michoro ya kulima iliendelea kutoka ofisini kwa bwana shamba, ofisa wa kilimo, na mmoja ulipita katikati ya shamba hili, ambalo ni la Milembe, mjane wa kiongozi wa kikundi kile.

Kila trekta lilipofika pale, lilizimika lenyewe. Wakulima wakaanza kulikwepa trekta hilo. Baraza likatangaza kwamba litalihamishia eneo la Nassa, na Januarius angebaki bila kazi.

Ndipo alipomwomba Milembe waende wote barazani. Mama huyo hakubishana na mtu kuhusu mizimu. Aliwauliza wajumbe kwa nini mwenye shamba haulizwi trekta lianzie wapi.

"Upande ule wana kazi yao," akawaambia. "Ninyi limeni huku."

Hakuna aliyeuliza ni akina nani. Bwana shamba aliukunja mchoro wake. Sasa mwenye shamba ndiye anayeonyesha pa kuanzia, na trekta limebaki Ngulyati.

Januarius anatarajia kwenda Mwanza kusomea ufundi wa injini. Kabla ya hapo amenunua jembe jipya.

"Mvua ya kwanza ikinyesha nitaenda upande ule," anasema bila kutabasamu. "Wamegeuza udongo wote, ila wameacha upana wa mtu mmoja. Ni pale nilipokuwa nasimama mimi."