Mama Breki na Viti vya Harusi Yangu

Dada yangu anakodisha viti. Mtaani wanamwita Mama Breki, na jina hilo kalitafuta mwenyewe. Kila akitoka na tela, kabla hajaingia barabarani, anasogea kidogo mbele ya geti kisha anakanyaga breki ghafla. Viti vinagongana, majirani wanachungulia madirishani. Haoni haya hata chembe.

"Gari langu ni dogo," husema. "Kuvuta tela linaweza. Kulisimamisha ni habari nyingine."

Ni kigari cha familia, kimeinuka kidogo, kinajifanya gari la porini. Kwa hiyo tela lina breki zake. Gari likipunguza mwendo, tela linalisukuma kwa nyuma, na msukumo huohuo ndio unaokaza breki za tela. Shida iko kwenye kurudi nyuma: breki zinakaza vilevile, tela linagoma. Basi huchomekwa kipini pale tela linapounganishwa na gari, breki zisifanye kazi, na ukimaliza unakichomoa. Ua wa dada uko mlimani na tela huingizwa kinyumenyume; bila kipini haliingii.

Siku ya harusi yangu viti vilikuwa vya dada, vya nani tena? Nilipambiwa kwake, nikaamua kwenda naye ukumbini, nimejaza kiti cha mbele kwa gauni. Shemeji, mume wake, alikuwa ameshapakia: vizito usawa wa magurudumu, vyepesi nyuma, kamba zimekazwa. Lakini wakati ulishatutupa mkono. Simu yangu haikunyamaza: wageni wamefika, wamesimama.

"Dada, leo achana na mambo yako ya getini," nikasema. "Tushuke tu."

"Mwache mdogo wako aolewe," shemeji akadakia kutoka kiti cha nyuma. "Nimekagua kila kitu mwenyewe."

Dada akanifunga mkanda kama mtoto, akasogea kidogo, akakanyaga.

Tela halikukubali. Lilitusukuma, gari likaserereka, simu ikanirukia miguuni. Tuliposimama, pua ya gari ilikuwa imeshaingia barabarani. Mbele yetu ulikuwa mteremko mtupu, na chini kabisa sokoni, watu wamejaa hadi katikati ya njia.

Shemeji alishuka. Aliporudi alikuwa na kipini mkononi, na hakututazama. Jana yake jioni aliliingiza tela uani, akasahau kukichomoa.

Dada alirudia jaribio lake palepale, na safari hii tela likatulia. Tukashuka kwa gia ndogo, taratibu, mimi nalia na wanja wote unanimwagika. Nilimpenda sana dada yangu na nilitaka kumzaba shemeji kofi, yote kwa pamoja.

Bwana harusi alikuwa mlangoni mwa ukumbi, jasho linamtoka.

"Nilidhani umeghairi," akasema. "Nini kimekuchelewesha?"

"Dada yangu kakataa kunizika."

Akaniangalia usoni, akaona wanja, akaona sitanii. Kisha akamtazama dada, ambaye alikuwa ameshaanza kufungua kamba. Akavua koti lake la harusi, akanishikisha, akaenda kupokea kiti cha kwanza.