Mshale wa Maalim Faki

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, tulipoziba madirisha ya skuli ya Mgogoni kwa majamvi ili tuoneshwe sinema. Ilikuwa miaka ile baada ya Mapinduzi, na mimi ni kijana wa umri wa kuoa. Wakati ule hatukuaminiana. Mtu akipika wali siku isiyo ya sikukuu, tuliulizana anamgojea nani. Na katika kushuku watu, mimi ndiye niliyekuwa hodari wao.

Sinema ilionesha roketi ya kwenda mwezini. Ikanyanyuka kwa moto, ikaupita mnara wake, mara ikajizungusha na kuanza kuinama. Hapo picha ikakatika, ikaja nyingine. Nikasema moyoni, imeanguka hiyo, wanatuficha.

Kesho yake nilipita nje ya darasa la Maalim Faki, mwalimu wa hesabu, nikachungulia dirishani. Ubaoni kachora kisiwa, na kutoka kisiwani umetoka mshale mrefu kuelekea baharini, na kando yake namba. Nikashtuka. Kisiwa, mshale, bahari! Sikuingia kumuuliza. Nilikwenda moja kwa moja Chake Chake kuwaambia wakubwa wa serikali kwamba Maalim anawafundisha watoto kulenga mizinga.

Wakamchukua Jumatatu. Mkewe, Bi Mize, alikuwa mjamzito, akawa anashinda mlangoni kwake akiuliza kila apitaye kama amemuona mumewe. Aliniuliza na mimi. Nikamwambia sijui. Jawabu lile nalionea haya mpaka leo.

Baba yangu, mchumaji karafuu, alipopata habari hakunipiga. Ingekuwa bora angenipiga.

"Huo mshale, ulimuuliza mwenyewe ni wa nini?"

"Sikumuuliza, baba."

"Basi weye umejuaje?"

Baba akanishika mkono mpaka Chake, nikakiri mbele ya wale wakubwa kwamba nilisema nisilolijua. Alhamisi Maalim akaachiwa.

Tulikwenda kwake kumtaka radhi. Hakunitazama, alizungumza na baba tu.

"Roketi husimamishwa kwa kufuata mnara wake, mzee wangu, lakini njia yake yaweza kuwa upande mwingine. Ikishaupita mnara, hujizungusha kwanza ikae sawa na njia ile, ndipo huinama. Ikipanda wima tu, itarudi chini. Ikiinama, inapata mwendo wa kuizunguka dunia. Na huelekezwa baharini ili vipande vinavyodondoka visimwangukie mtu. Ndio ule mshale niliowachorea watoto, kutoka kisiwa inakorushwa."

Baba akacheka. "Kha! Ndivyo tufanyavyo juu ya mkarafuu. Napanda wima, nikifika kwenye tanzu, lile tawi nnalolitaka, najigeuza kifua kilielekee, ndipo nainama kulifuata. Wa chini asiyejua atapiga kelele kuwa naanguka."

Maalim alinisamehe, kwa mdomo wake. Alisomesha miaka mingi baada ya hapo, lakini hakuchora tena. Chaki aliishika kwa namba tu. Watoto wakimwomba picha, alitazama dirishani kwanza, kisha akasema, "Someni kitabuni." Mwanawe, aliyezaliwa mwezi ule, alisoma kwake bila ya kumuona baba yake akichora hata mti.

Nakwambia haya, mwanangu, kwa sababu juzi ulinionesha roketi kwenye simu yako, ikajizungusha, ukasema ni uongo. Kushuku si dhambi, na mimi bado ninashuku mengi. Lakini ukimuona mtu anageuka, usikimbilie kumsemea kwa wengine. Mwendee yeye, umuulize anaelekea wapi, na usubiri jawabu. Na ukishakosea, rudi siku ileile ukaseme umekosea. Mimi nilichelewa siku tatu.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza kabla ya ulimi wa kushitaki, na akukinge, mwanangu, usije ukawa wewe yule anayetazamwa dirishani.