Mwiko wa Dani

Juzi sokoni Oyugis nilimwona muuza omena mzee akimkatalia binti yake kumbebea karai, nikamkumbuka nyanya yangu, Dani. Alasiri moja, jikoni kwake palipojaa moshi na harufu ya samaki, alikanyaga kaa la moto bila kushtuka. Nilidhani ni ushujaa. Sikujua kisukari kilikuwa kimezitia ganzi nyayo zake.

Shangazi alimfunga jeraha akilia, kisha akamnyang'anya mwiko.

"Mama, kaa chini. Kuanzia leo mimi ndiye nitapika."

"Nitakaa," Dani alisema, akivuta kiti karibu na moto. "Lakini mwiko rudisha. Miguu ndiyo imekufa, mikono bado iko."

Shangazi akaurudisha. Dani alitusongea ugali hivyo, ameketi, hadi nilipomaliza shule.